Gemu linastaki: shajara ya kompyuta ya mpwa wangu, Mtwara

Jumamosi, dukani Chikongola

Mashine yenyewe ni kompyuta ya mezani iliyostaafishwa ofisini. Prosesa ni Intel Core i5-6500 ya mwaka 2015, kori nne na thredi nne, yaani inashughulikia kazi nne kwa wakati mmoja. RAM, kumbukumbu ya kazi ya muda, ni GB 8 kwenye kijiti kimoja, diski ni ya kuzunguka ya TB 1, kadi ya picha ni GTX 1050 Ti ya GB 4. Skrini ni ya 1080p na inachora mara 60 kwa sekunde (60 Hz), basi. Windows 10. Mwenye mali ni mpwa wangu anayekaa Shangani, na likizo hii ya Desemba imempa muda mwingi kuliko kazi za kufanya.

Fedha ya kuiboreshea ni laki tatu. Dada yangu ameituma kutoka Tandahimba baada ya malipo ya mnada wa korosho kuingia, kwa sharti kwamba mtoto asiachiwe kununua kitu alichokiona YouTube. Umakondeni mjomba haombwi kazi za namna hii, anakabidhiwa tu.

Mpwa amekuja na jibu mkononi. "Shikamoo mjomba. Gemu linastaki, kadi imechoka. Kuna GTX 1660 Kariakoo, tukiongezea kidogo tunaipata." Marahaba. Linastaki wapi? "Kila mahali." Wakati gani? "Muda wote tu, mjomba." Kwa maelezo hayo siwezi kumnunulia mtu hata feni.

Nimeweka sheria ya mradi: hakinunuliwi kipuri ambacho hakijaonjwa kwenye mashine hii hii. RAM na SSD (diski isiyozunguka) zipo dukani, zinaazimika kwa jioni moja. Kadi kubwa sina, na prosesa kubwa sina, ila zote mbili zinaweza kuigizwa kwa kuchezea mipangilio bila kutoa senti. Sehemu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike shajara hii, maana mafundi wenzangu wengi hapa mjini wanauza kadi kwanza ndipo wanapima.

Tumeanza kwa kuutoa mtandao kwenye hesabu. eFootball, gemu la mpira, anaicheza na watu kwa hotspoti ya simu. Mchezaji akiruka kutoka winga hadi katikati huku mashabiki na ubao wa matangazo vinaendelea kwenda vizuri, hilo ni la mtandao, na hakuna kipuri cha ndani ya kompyuta kitakacholigusa. Gemu la kupimia litakuwa GTA V, upande wa hadithi, intaneti ikiwa imezimwa. Gari lile lile, njia ile ile: kuanzia katikati ya jiji, kupanda barabara kuu, hadi nje ya mji. Tukibadilisha njia, vipimo vya leo havitalingana na vya kesho.

Jumapili

Nimeweka MSI Afterburner pamoja na RivaTuner, programu zinazoandika takwimu juu ya gemu lenyewe. Fremu, yaani picha zinazochorwa, kwa sekunde: 71 kwa wastani. Mpwa akashangaa, maana kwa namba hiyo gemu lilitakiwa liwe tamu, na bado lilikuwa linakwama mbele ya macho yetu.

Wastani unaficha. Chukua sekunde moja. Fremu 58 zichorwe kwa milisekunde 15 kila moja, jumla milisekunde 870. Fremu inayofuata ikachukua milisekunde 130 zote zilizobaki. Kaunta itaandika 59, yaani karibu kabisa na 60, na jicho litakuwa limeona picha imesimama kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa hiyo namba ya wastani nimeipunguza umuhimu, nikawasha mchoro wa muda wa kila fremu. Kwa skrini ya 60 Hz kila fremu ina milisekunde 16.7 za kukamilika. Mstari ukiwa mzima unalala kama maji ya ghuba ya Mikindani asubuhi. Wa kwetu haukulala.

Tumekaa tukautazama, na hapo neno "muda wote" likapasuka vipande viwili. Kuna meno madogo ya milisekunde 25 hadi 35, yanakuja mfululizo palipo na magari na watu wengi. Halafu kuna nguzo: milisekunde 90 hadi 180, moja moja, gari linapokwenda kasi kuingia eneo jipya. Meno yanachosha macho, nguzo zinagongesha gari. Kuanzia leo tunaandika meno na nguzo kwa safu tofauti, kwa sababu sioni kwa nini zitoke mahali pamoja.

Joto tumelimaliza haraka. Nyumba za Shangani zinakula upepo wa bahari, na ndani ya kava vumbi lilikuwa limeshikana na unyevu likawa kama blanketi kwenye feni ya prosesa. Blowa, brashi, pesti mpya ya kupitisha joto. Joto la prosesa likiwa na mzigo limeshuka kutoka nyuzi 88 hadi 69. Lakini i5-6500 huanza kujipunguza kasi inapokaribia nyuzi 100, na HWiNFO, programu ya kusoma joto, haikuwa imeonyesha hata mara moja kwamba imefika huko. Meno yapo, nguzo zipo, kelele tu ndiyo imepungua. Kazi ilistahili kufanywa hata hivyo.

Jirani yake mpwa anasema ni umeme mdogo wa jioni. Hapana. Pawasaplai nyingi za kompyuta hizi zinapokea volti 100 hadi 240, na umeme ukipungua kuliko inavyoweza kuvumilia, mashine inazima au inajiwasha upya. Haikai ikapunguza fremu. Kwenye laptopu ni tofauti, ukichomoa chaja inajibana yenyewe, ila hii si laptopu.

Jumatatu jioni: kuonja kadi ambayo hatuna

Hili ndilo jaribio nililokuwa nalisubiri.

Skrini ya 1080p ina nukta 2,073,600. Ukishusha gemu hadi 720p, nukta zinabaki 921,600, chini ya nusu. Prosesa haipunguziwi karibu chochote: magari, watembea kwa miguu, migongano, yote yanahesabiwa vile vile. Anayepunguziwa mzigo ni kadi peke yake. Kwa maneno mengine, kwa dakika chache GTX 1050 Ti inaishi maisha ya kadi yenye nguvu mara mbili yake. Kama kadi ndiyo mchawi, mstari utalala.

Matokeo: wastani umepanda kutoka 71 hadi 93. Kadi, ambayo ilikuwa inafanya kazi kwa asilimia 97, imeshuka hadi 60 na kitu, yaani inakaa ikisubiri. Meno yameongezeka. Nguzo hazikutikisika.

Mpwa alitaka turudie. Tukarudia, ikawa vile vile.

Sababu inaonekana kwenye safu ya prosesa: thredi zote nne ziko asilimia 100. Kila fremu lazima prosesa iiandae kabla kadi haijaichora. Kadi ikiwa nyepesi inadai fremu nyingi zaidi, prosesa inakimbizwa mpaka mwisho wa pumzi, na kazi za pembeni kama kupakia barabara inayokuja mbele zinakosa nafasi hata ya kupenya. GTA V inajulikana kwa tabia hii kwenye i5 za thredi nne. Kwa hiyo GTX 1660 ingeleta namba kubwa ya kumwonyesha rafiki na kustaki kwingi zaidi.

Tukafanya kinyume. Tumerudi 1080p na kuiongezea kadi mzigo kwa makusudi, tukapandisha ulainishaji wa kingo. Wastani ukashuka hadi 55, meno yakapungua. Mtoto aliyelelewa na video za "punguza setingi zote" hawezi kuamini kitu hicho mpaka akione.

Dawa yenyewe haikuhitaji hata hilo. Kwenye RivaTuner nimeweka kikomo cha fremu 60. Skrini haiwezi kuonyesha zaidi ya hizo, sasa kwa nini prosesa ijiue kwa fremu ya 71? Matumizi ya prosesa yameshuka hadi 75 au 80 kwa sehemu kubwa ya njia, na meno karibu yote yameondoka. Gharama: sifuri.

Kuna mengine mawili kuhusu kadi, niyaandike tusiyarudie. RAM ya kadi yenyewe ilikuwa imetumika GB 2.9 kati ya 4. Ingekuwa imejaa pomoni ningeishuku, maana kadi ikikosa nafasi inaanza kuchota teksicha (picha zinazovalishwa vitu vya gemu) kutoka RAM ya kawaida, na safari hiyo ni ndefu. Namna ya kuhakikisha ni kushusha ubora wa teksicha peke yake, hatua moja, usiguse kingine. Tumeshusha, hakuna kilichobadilika. Kwa magemu ya miaka ya karibuni GB 4 zinajaa upesi, kwa hiyo mwenye gemu jingine asichukue jibu letu bila kupima lake.

La pili ni umeme wa kadi. GTX 1050 Ti inakula wati 75, na zote inazinywa kwenye sloti ya ubao inapochomekwa. GTX 1660 inakula 120 na inataka plagi yake ya ziada kutoka pawasaplai. Pawasaplai ya mashine hii ya ofisi haina plagi hiyo, na nyaya zake si za umbo la kawaida, kwa hiyo hata kuibadilisha si suala la kuchomoa na kuchomeka. Muuzaji wa kadi huwa haulizi habari hiyo, na kadi ikishatoka dukani kwake inakuwa shida ya fundi.

Jumatano

Zamu ya prosesa. Kubwa zaidi sina, basi nimeidhoofisha iliyopo nione nani analalamika. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows kuna kikomo cha juu cha prosesa. Nimekitoa asilimia 100 nikakiweka 70. Kama nguzo zinatokana na prosesa, zitarefuka.

Meno yamerudi hata kukiwa na kikomo cha fremu 60, kama nilivyotarajia. Nguzo zimebaki pale pale, urefu ule ule, kwenye kona zile zile. Nguzo si za prosesa. Nimerudisha asilimia 100.

Waliobaki ni wawili, RAM na diski, na shida ni kwamba hawa husingiziana. RAM ikijaa, Windows inahamishia vitu kwenye diski, na diski ndiyo inayoonekana ina kazi. Mtu akiangalia diski tu atamhukumu asiyehusika.

Mpwa anacheza huku Chrome iko wazi, WhatsApp iko wazi, na kitu fulani cha kupakua muziki kinajiwasha chenyewe. GB 7.5 kati ya 8 zimekwisha. Nimefungua Resource Monitor, programu ya Windows ya kutazama matumizi, upande wa kumbukumbu, kwenye ile safu inayohesabu ni mara ngapi kwa sekunde programu imetafuta kitu kwenye RAM ikakikosa na ikabidi kiletwe kutoka kwenye diski. Gari likizunguka mjini, safu hiyo inaruka kwa mamia.

Tumefunga kila kitu tukabaki na gemu peke yake. Nguzo za mjini zimepungua sana. Za barabara kuu zimebaki, na kila inapotokea moja, diski iko asilimia 100.

Hapa nilimchorea mpwa hesabu kwenye boksi la kibodi. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Kwa wastani data unayoitaka iko nusu mzunguko mbali: milisekunde 4.2. Ongeza muda wa kichwa kusogea hadi kwenye njia yake, milisekunde 8 au 9. Ombi moja tu limekula kama milisekunde 13, na fremu nzima ina 16.7. Gemu likiomba vipande vitatu vilivyotawanyika, hakuna namna. Ndiyo maana ile namba ya megabaiti kwa sekunde iliyoandikwa kwenye boksi la diski hainisaidii hapa. Inapima kusoma faili moja ndefu iliyonyooka, na barabara ya GTA haiji hivyo. SSD haina kinachozunguka wala kichwa cha kusogea, inajibu kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja.

Ijumaa: kuazima

Kijiti cha RAM kwanza. Kabla ya kuazima au kununua, fungueni mtazame sloti. Mashine za kizazi hiki zilitoka za aina mbili, nyingine zinatumia DDR4 na nyingine DDR3L, na kijiti cha moja hakiingii kwenye sloti ya nyingine. Hii ni DDR4. Dukani nilikuwa na GB 8 ya kasi ya 2133, inayolingana na kilichomo. Nimefuta sehemu za mguso za vijiti vyote viwili kwa ufutio, desturi ya lazima kwa kompyuta zinazokaa karibu na bahari.

Vijiti viwili vinaleta mambo mawili kwa mpigo. Nafasi inakuwa GB 16, na prosesa inapata njia mbili za kwenda kwenye RAM badala ya moja: kutoka takribani GB 17 kwa sekunde hadi 34. Hilo la pili watu wengi hawalihesabu, na kwenye mashine yenye kijiti kimoja ndilo linalonishawishi kuongeza cha pili kuliko kubadilisha kikubwa kimoja.

Kipimo, Chrome na WhatsApp zikiwa wazi kama kawaida yake: nguzo za mjini hakuna. Nilipoondoa kikomo cha fremu kwa muda ili nione, hata meno yalikuwa machache kuliko ya Jumatatu. Barabara kuu bado.

Kisha SSD. Nimechomeka ya dukani kwa waya wa SATA na kunakili folda ya gemu, kama GB 100. Mtu asipakue upya! Kwa bando la huku, GB 100 ni fedha za kununulia kipuri kingine. Unanakili folda, unaielekeza programu ya gemu mahali papya, inahakiki faili na kuendelea. Kwa megabaiti 100 kwa sekunde ingechukua kama dakika 17. Umeme ukakatika katikati, tukaanza upya baada ya isha.

Barabara kuu, gari lile lile. Nguzo za milisekunde 90 hadi 180 zimekuwa fupi, za 30 hadi 40, na si nyingi. Mpwa aliendesha mpaka nje ya mji, akageuza, akarudi, akatoka tena. Hakusema kitu kuhusu kadi usiku huo.

Kwa ajili ya mwenye fedha ya kipuri kimoja tu, tumeonja pia SSD huku RAM ikirudishwa GB 8. Chrome ikiwa imefungwa, SSD peke yake inashinda RAM peke yake kwenye gemu hili. Chrome ikiwa wazi, nguzo za mjini zinarudi, ingawa Windows yenyewe bado ilikuwa kwenye diski ya zamani wakati tunapima. Ikihamia kwenye SSD nayo, maumivu hayo yatapungua. Ningenunua SSD kwanza, RAM mwezi unaofuata, na katikati ningefunga Chrome.

Kuhusu Fortnite, gemu jingine ambalo mpwa amelitaja leo kama nyongeza. Inakwama silaha mpya inapofyatuliwa au eneo linapoonekana mara ya kwanza, na mara ya pili haikwami. Hizo ni sheda: programu ndogo ambazo kompyuta inazitengeneza upya kulingana na kadi na toleo la draiva (programu inayoiendesha kadi), kisha inazihifadhi. Mechi chache za kwanza zitakwama kwenye mashine ya bei yoyote. Nilichokikuta ni kwamba ana programu ya kusafisha kompyuta inayofuta hifadhi hiyo kila wiki, kwa hiyo kila wiki anaanza moja. Nimeiondoa.

Jumatatu, wiki nyingine

Tumenunua SSD ya GB 480 kutoka Dar, imekuja na basi la usiku, nimeichukua stendi asubuhi. Kijiti cha RAM ni kile kile cha kuazima, nimemwachia kwa bei niliyokinunulia mimi. Laki tatu imetosha na chenji imebaki. Dada nimempigia kumweleza, akaniuliza kama sasa mtoto atasoma. Hilo nimemwambia halimo kwenye mradi.

SSD nimeikagua kwa CrystalDiskInfo kabla ya kuifunga: saa ilizofanya kazi na afya yake. Iliyouzwa kama mpya ikionyesha masaa elfu kadhaa, rudisha siku hiyo hiyo. Ukubwa nao nimeuhakikisha kwa kuijaza data na kuisoma tena, maana vipo vifaa vinavyodanganya GB zake. RAM imepitishwa kwenye MemTest86 usiku mzima, haina kosa.

Windows nimeiweka upya kwenye SSD badala ya kuihamisha na takataka zake. Gemu mbili anazocheza kila siku ziko kwenye SSD, filamu na mengineyo yako kwenye diski ya zamani. Nimemwambia aache kama GB 60 wazi; SSD za bei nafuu zinazidi kuwa nzito kadiri zinavyojaa.

Jumamosi

Kipimo cha mwisho, 1080p, kikomo cha fremu 60, Chrome wazi. Mstari umelala kwenye 16.7 karibu njia nzima. Nguzo ndefu kuliko zote ni milisekunde 38, kwenye makutano ya kutokea mjini, na hata mimi ninayeijua ilipo siioni kwa jicho.

Mpwa amekuja na hoja mpya: kwa kuwa meno yalikuwa ya prosesa, kwa nini tusitafute i7-6700? Inaingia kwenye soketi ile ile, inakula wati 65 zile zile, na ina thredi nane badala ya nne. Hoja nzuri, ameanza kufikiri kwa mpangilio. Bahati, kuna mteja ameleta mashine yenye prosesa hiyo kubadilishiwa feni. Nimemwomba ruhusa akakubali, tukahamishia kwenye mashine yake kadi na SSD kwa saa moja.

Bila kikomo cha fremu, tofauti ni kubwa: thredi nane zina nafasi ya kupumua, meno hakuna. Kikomo cha 60 kikirudi, michoro miwili ukiiweka pamoja huijui ipi ya i5 na ipi ya i7. Mpwa ana skrini ya 60 Hz. Angekuwa na ya 144, inayodai fremu kila baada ya milisekunde 6.9, ningemjibu vingine.

Nimemwonya pia asije akauziwa i5-8400 au i3-8100 kwa sababu soketi imeandikwa LGA1151 kama yake. Zinakaa kwenye tundu bila shida, ila ubao mama wa kizazi chake hauziwashi. Halafu kuna umri wa mashine. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi cha sita, i7-6700 ikiwemo, hazimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. SSD na kadi ya picha zitahamia kwenye mashine ijayo. Fedha ya i7 ingezikwa na ubao huu.

Kwa hiyo i7 hatununui, na chenji nimeirudisha Tandahimba kwa simu. Mpwa amebeba mashine yake Shangani kwa bajaji, kikomo cha fremu kikiwa kimewekwa kijiwashe chenyewe pamoja na Windows.